Ni majani ya juu au ya chini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umri wa jani na dhiki za mmea

Maswali haya nimeyapokea kwa wakulima wa Kigumba na Bweyale, hapa Uganda, na mengine kwa simu kutoka Masaka hadi Arua. Karibu kila moja huanza hivi: "Mwalimu, majani yamekuwa manjano, nipige dawa gani?" Nami hurudisha swali kabla ya kujibu: majani yapi, ya juu au ya chini? Mmea haupatwi na ukame, njaa au ugonjwa mwili mzima kwa namna moja. Jani changa, jani lililokomaa na jani zee kila moja huwa na nguvu yake na udhaifu wake, na mara nyingi mmea wenyewe huamua ni lipi liachwe. Asiyeangalia umri wa jani hutibu asichokijua.

## Mambo ya msingi

1. Jani kuzeeka ni nini? Si kukauka tu?

Hapana. Jani lililounguzwa na dawa au moto hufa na mali yake yote ndani. Jani linalozeeka hurudisha kwanza kile lilichokopeshwa: huvunja klorofili (rangi yake ya kijani) na protini zake, na naitrojeni inayotoka humo husafirishwa kwenda kwenye chipukizi, mbegu au mzizi. Kwa mimea kama maharagwe, naitrojeni nyingi ya jani, kiasi cha robo tatu, imo ndani ya kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani vinavyofanya usanisinuru, yaani kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Ndiyo maana kloroplasti hutangulia kuvunjwa, huku kiini cha seli kikiachwa karibu na mwisho kusimamia kazi. Ule unjano haukuja siku hiyo. Ulikuwemo tangu zamani, umefunikwa na kijani.

Kwenye mti kama kahawa au mwembe unaweza kuona tofauti kwa mkono. Jani lililozeeka kwa utaratibu ukiligusa kwenye kikonyo hudondoka, na mahali lilipotoka hubaki kovu dogo safi, kama kidonda kilichokwisha kupona. Jani lililouawa ghafla hubaki linaning'inia, kavu, limeng'ang'ania tawi, kwa sababu halikupata muda wa kujenga ule utando wa kuachana. Kwa mahindi na migomba kipimo hiki hakifai, maana majani yake hukaukia palepale kwenye shina.

2. Kwa nini majani ya chini ndiyo hutangulia?

Kwa sababu ndiyo ya kwanza kuzaliwa, na kwa sababu yako kivulini. Jani la chini lililofunikwa na wenzake hupata mwanga kidogo, hutengeneza sukari kidogo, na naitrojeni iliyomo ingekuwa na faida zaidi juu, kwenye jua. Mmea huihamisha.

Homoni ndizo zinazopitisha uamuzi huo. Sitokinini, inayotengenezwa kwa wingi kwenye mizizi, huchelewesha uzee. Ethilini na asidi ya absisi huuharakisha, na mbili hizi huongezeka mmea ukipata dhiki. Kwa hiyo ukibananisha mahindi kupita kiasi utaona majani ya chini yakizeeka mapema hata mvua ikiwa nzuri.

3. Jani huishi muda gani?

Inategemea mmea. La harage ni wiki chache. La muhogo kwa kawaida ni miezi miwili hadi minne, na hupungua kukiwa na kivuli au ukame. Kahawa hushika jani kwa miezi mingi. Mgomba una jambo lake, angalia swali la 10.

## Ukame na jua kali

4. Mihogo yangu imepukutisha majani yote ya chini, imebaki na kishungi juu. Inakufa?

Kwa kawaida hapana. Hivyo ndivyo muhogo unavyovuka kiangazi. Kwanza hufunga stomata, vitundu vidogo vya jani vinavyotoa mvuke, tena huvifunga mapema kuliko mimea mingi. Kisha huacha kutoa majani makubwa. Mwisho huangusha ya zamani. Kila jani linaloanguka ni mdomo mmoja uliopungua kwenye maji yaliyobaki. Mvua ikirudi, hutoa majani mapya kwa kutumia wanga uliohifadhiwa.

Cha kuangalia ni kile kishungi. Kama majani machanga ya juu bado ni ya kijani na imara asubuhi, mmea uko kwenye mpango wake. Ncha ikianza kukauka, hapo ukame umevuka mpaka. Na usiuchume kisamvu wakati huo: mmea umetoa majani ya chini ili kuokoa hayo ya juu, ukiyachukua umeuvunjia mkakati wote. Isitoshe, majani machanga ya muhogo huwa na sumu ya sianidi zaidi kuliko yaliyokomaa, kwa hiyo yahitaji kutwangwa na kuchemshwa vizuri zaidi.

5. Basi jani changa ndilo linalostahimili dhiki kuliko yote?

Linalindwa kuliko yote, na hilo si sawa na kustahimili. Jani linalofunguka lina ngozi nyembamba ya nta, stomata zake hazijakamilika, na mashine ya usanisinuru bado inajengwa. Likiachwa peke yake juani lingeumia haraka. Tazama mwembe unapochipua: majani mapya hutoka yakiwa mekundu au ya shaba, laini, yananing'inia kama vitambaa vilivyoloa. Ile rangi ni kinga dhidi ya mwanga mkali hadi kijani kikamilike, na kule kuning'inia hupunguza jua linalolipiga jani moja kwa moja.

Jani imara kwelikweli ni lile lililokomaa sasa hivi: nta imekaza, stomata zinafunguka na kufunga kwa wakati, na kinga dhidi ya kemikali haribifu zinazozalishwa na jua kali iko juu. Kuanzia hapo mambo hushuka. Jani zee hupunguza usanisinuru, na mwanga ambao haliwezi tena kuutumia hugeuka kuwa mzigo unaoharibu utando wa seli zake. Ukame ukilikuta hapo, dalili za kuzeeka na dalili za dhiki huwa karibu kitu kimoja, kwa sababu asidi ya absisi inayofunga stomata ndiyo hiyohiyo inayolisukuma jani zee kwenye kufa.

6. Nichague mahindi au mtama unaobaki kijani hadi mwisho?

Mara nyingi ndiyo, lakini uliza kijani hicho kinafanya kazi gani.

Mtama maarufu zaidi kwa sifa hii huitwa B35, wenye asili ya Ethiopia. Watafiti wa mbegu wamepata ndani yake sehemu nne za urithi, Stg1 hadi Stg4, zinazoufanya ushike majani wakati ukame unapokuja baada ya kutoa maua. Watu walidhani siri iko kwenye majani yale mazee. Ilipochunguzwa vizuri, sehemu kubwa ya siri ilionekana kuwa mapema: mtama huo hukua na eneo dogo la majani kabla ya maua, hutumia maji kwa kubania, na wakati wa kujaza punje bado kuna maji ardhini. Majani hayazeeki mapema kwa sababu dhiki haijayafikia. Kwa mkulima wa Karamoja, ambako mvua hukatika wakati mbaya, hilo ni jambo kubwa.

Kuna na kijani cha uongo. Njegere za kijani alizotumia Mendel, mwanzilishi wa sayansi ya urithi, kwenye majaribio yake zilikuwa na hitilafu kwenye jeni (chembe ya urithi) ya kuvunja klorofili, jeni iliyotambuliwa mwaka 2007. Rangi hubaki lakini hakuna faida ya ziada kwenye usanisinuru. Jani likiwa na hitilafu ya namna hiyo hubaki kijani huku limekwisha kuzeeka ndani.

Tena kuchelewa kuzeeka kuna gharama. Kwenye ngano, jeni iitwayo NAM-B1, iliyoelezwa mwaka 2006, huharakisha uzee wa majani, na punje hupata protini, zinki na chuma zaidi, kwa sababu jani limetoa mali yake mapema. Wakulima wa ngano wa Kapchorwa hilo linawahusu. Jani linaloshika kila kitu hadi mavuno limezinyima punje virutubisho hivyo.

Ukitaka kulinganisha mbegu mbili za mahindi shambani kwako, tumia kipimo cha watafiti wa mbegu: wakati punje zinajaa, kadiria ni sehemu gani ya majani yote imekufa, kwa alama 1 hadi 10, ambapo 1 ni asilimia 10 na 10 ni yote. Fanya kwa mistari mizima, si kwa bua moja ulilolipenda.

7. Robusta yangu hupukutisha majani ya ndani kila Januari. Nipige dawa ya ukungu?

Swali hili linaniuma, maana nililijibu vibaya mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya shamba langu la kahawa niliona majani ya ndani ya matawi yakiwa manjano na kuanguka, nikaenda duka la pembejeo, nikauziwa dawa ya ukungu, nikapiga mara tatu. Majani yakaendelea kuanguka. Mvua za Machi zilipokuja, ncha za matawi zikachipua kama hakuna kilichotokea. Nilitibu kiangazi kwa dawa ya ukungu.

Kahawa ikikosa maji hutupa majani kwa mpangilio, ya zamani kwanza, kuanzia ndani karibu na shina kwenda nje. Ukiona mpangilio huo, na nyuma ya majani hakuna unga wa rangi ya chungwa wa kutu, weka matandazo na angalia kivuli. Majani ya ncha yakianguka pia, au tawi likikauka kuanzia ncha kurudi nyuma likiwa limebeba matunda mengi, hapo mti umezidiwa na mzigo na unahitaji chakula. Tawi moja au upande mmoja wa mti ukinyauka ghafla huku mingine mizima, acha habari ya umri wa majani, fikiria mnyauko wa kahawa, na umwite afisa kilimo haraka.

## Magonjwa

8. Ukame na ugonjwa vikija pamoja, mmea hufanya nini?

Kinga dhidi ya bakteria nyingi huendeshwa na asidi ya salisili, na kinga dhidi ya ukame huendeshwa na asidi ya absisi. Hizi mbili huvutana: ikipanda ya ukame, ya ugonjwa hushuka. Ndiyo maana mmea uliopigwa na kiangazi mara nyingi huugua kwa urahisi.

Watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Cologne, Ujerumani, walionyesha mwaka 2019 kwamba mvutano huu hutegemea umri wa jani. Walitumia Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo mmoja na sukuma wiki. Kwenye majani mazee, asidi ya absisi ilizima kinga ya ugonjwa. Kwenye majani machanga haikufaulu, kwa sababu jeni iitwayo PBS3 iliyalinda. Mimea iliyokosa jeni hiyo ilipoteza ulinzi huo na ikadhoofika katika ukuaji na uzazi dhiki mbili zilipokutana. Kwa maneno mengine, jani zee hushughulikia ukame na kuachia ugonjwa, jani changa hubaki na kinga zote mbili.

Ni utafiti wa mmea mmoja wa maabara, na sitakuambia kwamba mgomba wako hufanya vivyo hivyo hatua kwa hatua. Lakini unatufundisha tusishangae tukiona madoa yakijaa chini huku juu kukiwa safi baada ya kiangazi.

9. Batobato na michirizi ya kahawia nitavitofautishaje kwenye muhogo?

Kwa umri wa jani. Batobato huonekana kwenye majani machanga: yanakunjamana, yanapinda, yana mabaka ya manjano na kijani tangu yanapotoka. Michirizi ya kahawia huonekana zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini: unjano kama unyoya ukifuata mishipa, jani likiwa na umbo lake la kawaida. Hapa ndipo wengi hudanganyika, wakidhani ni uzee tu. Jani lililozeeka huwa manjano lote kwa usawa kisha huanguka. La michirizi huwa na mabaka na halianguki haraka. Ukishuku, chimba mche mmoja upasue mzizi. Uozo mkavu wa kahawia ndani humaliza ubishi.

Nchi hii iliumizwa sana na batobato kali ya miaka ya 1990. Tusipande vijiti kutoka shina ambalo majani yake ya chini hatujayakagua.

10. Madoa ya Sigatoka nyeusi yako kwenye majani mazee ya mgomba. Si yatakufa tu yenyewe?

Madoa unayaona kwenye jani zee, lakini ukungu uliingia jani likiwa changa, wakati linafunguka kutoka kwenye ule msokoto wa juu. Wiki kadhaa hupita kabla ya michirizi kuonekana, na kufikia hapo majani mengine yametoka juu yake. Kwa hiyo jani zee lenye madoa linakueleza hali ilivyokuwa lilipozaliwa.

Tatizo kubwa ni hesabu. Mgomba ukishatoa mkungu hautoi jani jipya tena. Majani uliyo nayo siku hiyo ndiyo yatakayojaza matooke hadi mwisho, na Sigatoka huyazeesha kabla ya wakati. Kwa hiyo ulinzi wa kweli ni kabla ya mkungu: chakula cha kutosha, hasa potasiamu, nafasi ya hewa kupita, na kuondoa majani yaliyokwisha kuharibika. Kabla ya kuchukua panga soma swali la 13.

## Njaa ya udongo

11. Nitajuaje kama unjano ni uzee, ukame au upungufu wa mbolea?

Anza na mahali, kisha sura.

Kuna virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha kutoka jani zee kwenda changa: naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi. Vikipungua, majani ya chini ndiyo huonyesha, kwa sababu yamenyang'anywa. Mahindi yenye njaa ya naitrojeni huwa na unjano wa umbo la V, ukianzia ncha ya jani la chini na kufuata mshipa wa kati. Potasiamu hukausha kingo, na kwenye mgomba majani mazee huwa ya manjano-chungwa, hukauka haraka na kuvunjika. Magnesi huacha mishipa kijani na katikati manjano.

Kuna vingine vikishawekwa kwenye jani havitoki kirahisi: chuma, kalisi, boroni. Vikipungua, jani jipya hutoka likiwa na kasoro ilhali mazee ni mazuri. Chipukizi lililopauka na mishipa ya kijani ni dalili ya kukosa chuma.

Ukame nao huanzia chini, kwa hiyo hufanana na njaa ya naitrojeni. Tofauti iko kwenye mwendo wa siku. Mahindi yenye kiu hukunja majani adhuhuri, hata ya juu, na kuyafungua jioni. Yenye njaa tu hayakunji. Na mara nyingi vyote viwili viko pamoja, maana udongo mkavu hauupi mzizi naitrojeni hata ikiwepo. Kumwaga yurea kwenye udongo wa vumbi ni kutupa pesa.

12. Maabara wanataka jani. Nichume lipi?

Lililokomaa karibuni. Kwa mgomba ni la tatu kutoka juu, kwa kahawa ni jozi ya tatu au ya nne kutoka ncha ya tawi, kwa mahindi ni jani la kwenye gunzi wakati wa kutoa nywele. Ukichanganya majani ya umri tofauti matokeo hayatasomeka.

## Maswali ya pembeni

13. Nikate majani yote ya manjano ili mmea usisumbuke?

Jani lililo njiani kuwa manjano bado linarudisha mali (swali la 1). Likate likishakauka, au mapema zaidi kama lina ugonjwa unaoenea. Sukuma wiki na dodo (mchicha) ni habari tofauti, hapo tunavuna jani lenyewe.

Kwa mgomba kuna hatari kubwa kuliko unjano. Mnyauko bakteria, uliogunduliwa Uganda mwaka 2001, husafiri kwenye panga. Mtu mmoja akisafisha majani ya shamba zima kwa panga moja anaweza kuueneza kutoka shina hadi shina. Pitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina lingine, au litumbukize kwenye jiki. Ua la dume livunje kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu.

14. Jani likishakuwa manjano linaweza kurudi kijani?

Mwanzoni, mara nyingine ndiyo. Wakulima wa tumbaku wa West Nile wanaweza kuliona hili: ukikata shina juu ya jani la chini lililokwisha kugeuka manjano, jani hilo linaweza kurudisha kijani, kwa kuwa waliokuwa wakilinyang'anya hawapo tena. Zikishavunjika seli zenyewe, hakuna kurudi.

15. Kuna dawa ya kuzuia majani yasizeeke?

Kwenye maabara ipo. Mwaka 1957 ilionyeshwa kwamba kinetini, aina mojawapo ya sitokinini, huchelewesha jani lililokatwa kupoteza kijani. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walitengeneza tumbaku inayojitengenezea sitokinini jani linapoanza kuzeeka tu, na majani yake yakadumu. Chupa ya shilingi elfu kadhaa inayouzwa kwa ahadi hiyo ni jambo jingine. Matandazo na samadi huipa mizizi afya, na mizizi yenye afya ndiyo kiwanda cha sitokinini.

16. Kingo za majani mazee zimeungua, na maji yangu yana chumvi. Vinahusiana?

Huenda. Chumvi hupanda na maji na kubaki jani linapotoa mvuke. Jani zee limetoa mvuke kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo limebeba chumvi nyingi zaidi. Mmea huvumilia ikiwa unatoa majani mapya kwa kasi kuliko unavyopoteza ya zamani. Hesabu yote mawili kwa wiki mbili.

17. Nitahesabuje? Majani yote yanafanana.

Chukua uzi wa sufu wa rangi. Leo funga uzi mwekundu, kwa kulegeza, kwenye kikonyo cha jani jipya kabisa lililofunguka, kwenye mimea mitano tofauti. Baada ya wiki mbili funga wa buluu kwenye jani jipya la siku hiyo. Majani yaliyo kati ya nyuzi mbili ndiyo yaliyozaliwa. Hesabu pia makovu au majani makavu mapya chini. Andika tarehe kwenye daftari, pamoja na siku za mvua.

Nyuzi zangu za kwanza nilizifunga kwenye mihogo kumi, mwezi Desemba. Kufikia mwisho wa Januari, nyuzi nyekundu saba nilizikuta chini, bado zimekumbatia vikonyo vilivyokauka. Za buluu zote zilikuwa juu.